Mtafute mtenda: jibu kwa mwalimu wa midahalo

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nasimamia klabu ya midahalo. Mwezi ujao wanafunzi wangu watashindana kwa mada inayosema kwamba picha ya mwanamke katika vyombo vya habari imebadilika. Wasichana wanaunga mkono. Wanasema zamani alionyeshwa jikoni, leo yuko ofisini na hata Ikulu. Wavulana nao wanasema imeharibika tu, maana zamani mwanamke alisitiriwa na leo yuko nusu uchi kwenye video za muziki. Mimi sijui nisimame wapi. Halafu naona hakuna anayemtaja mwanaume. Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hiyo sentensi ya kwamba hakuna anayemtaja mwanaume umeiweka mwishoni kama nyongeza. Mimi naona ndilo swali lenyewe, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Nilikuwa mhariri msanifu wa magazeti ya Kiswahili kwa miaka mingi kabla sijahamia kwenye kufundisha. Kazi yetu sisi ni vichwa vya habari, na kichwa cha habari ni kitenzi. Mengine ni mapambo. Kwa hiyo nitakujibu kwa kitenzi. Wasichana wako wanahesabu mahali mwanamke alipokaa: jikoni, ofisini, Ikulu. Wavulana wanahesabu nguo. Wafundishe kuhesabu kitu cha tatu: katika sentensi, nani anatenda na nani anatendwa? Kiswahili kimetupa bahati hapo. Hatuna neno la "yeye" la kiume na jingine la kike. "Alifika" ni alifika tu, awe Juma awe Mwajuma. Jinsia ikionekana kwenye habari yetu, kuna mtu ameamua kuiweka. Na kitenzi kikiwa cha kutendwa pasipo kusemwa kimetendwa na nani, kuna mtu ameamua kumficha mtenda, au hakuwaza kabisa. Kwa uzoefu wangu wengi hawakuwaza.

Ukishika kipimo hicho utaona historia haikwenda kama wanafunzi wako wanavyodhani, wala wa upande huu wala wa ule. Chukua Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akauza vyungu kabla hajawa mwimbaji, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Moja ya nyimbo zake mashuhuri ni kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Zanzibar. Mwuaji alitoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Wimbo unaanza kwa kuwaita watu watazame alichokifanya Kijiti. Jina la mwuaji liko mstari wa kwanza, na kitenzi ni cha kutenda. Haupiti mlango wa nyuma. Huo ni wimbo wa karibu miaka 100 iliyopita, wa mwanamke ambaye hakupata hata siku moja ya shule ya serikali, na ninakuhakikishia ni habari iliyopangwa vizuri kuliko nyingi nilizozipitisha mimi kwa kalamu yangu nyekundu.

Sasa tuje kwenye nguo, kwa kuwa wavulana watang'ang'ania hapo. Waambie hoja yao ina umri mkubwa kuliko wazazi wao. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam isionekane sketi fupi, wala mawigi, wala krimu za kujichubua, wala suruali za kubana. Tarehe yenyewe haijafika, tayari maeneo ya Kariakoo vijana walikuwa wakiwashusha wasichana kwenye mabasi na kuwachania nguo. Magazeti yakafurika barua za wasomaji, za kuunga mkono na za kupinga, wiki baada ya wiki.

Mabishano yale yakisomwa leo, kuna vitu viwili vinavyojitokeza. Kwanza, sketi ndiyo iliyotenda. Sketi ilipotosha, sketi ilileta ubeberu, sketi ilivunja utamaduni. Mkono ulioshika nguo ya binti wa watu na kuichana ulikuwa wa "vijana wenye hasira", kundi lisilo na jina. Pili, sketi haikuwa sketi tu. Wasichana waliokuwa wakizivaa wengi walikuwa makarani na wapiga taipu, watu wenye mshahara, katika mji uliojaa vijana wa kiume waliotoka mikoani na kukosa kazi. Na kulikuwa na wanaume wa naizesheni, yaani Waafrika waliopandishwa vyeo baada ya uhuru, wenye magari na vyeo vipya, ambao wasichana hao walionekana nao. Kijana wa Kariakoo hakuweza kumgusa bwana mwenye gari. Aliyekuwa karibu na mkono wake ni yule binti kwenye basi. Suruali za kubana nazo zilikuwa kwenye orodha ile ile, na zilivaliwa na wanaume, lakini hazikuzua vita vya namna ile.

Nusu karne baadaye, mwaka 2018, nyimbo na video kadhaa zilifungiwa nchini kwa sababu ya maadili, na mabishano yakarudi karibu neno kwa neno. Kilichobadilika ni kwamba "ubeberu" ulipungua na "maadili" yakaongezeka. Sisemi video zote ni nzuri. Nyingine zinamchukulia mwanamke kama sehemu ya gari. Lakini mvulana atakayesimama jukwaani na kusema "zamani alisitiriwa" aulizwe ni zamani ipi, na alisitiriwa na nani.

Nifungue mabano kidogo. Katika miaka ile ile ya Operesheni Vijana kuna mwanamke aliyekuwa mtenda hasa akafutika. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU kuanzia 1955, akapanda majukwaa ambayo wanaume wengi, kwa hofu ya kupoteza kazi za serikali, hawakuthubutu kuyapanda. Mwaka 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, na kwa miaka mingi jina lake likawa halisomeki kwenye magazeti. Ukimya ule ulikuwa wa siasa, si wa jinsia, sitaki nikudanganye. Ila matokeo yake ni kwamba kizazi changu kilikua kikijua wanaume tu ndio waliodai uhuru. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na abiria wa daladala wanalitaja kila siku bila kujua ni nani.

Katuni nitazipita haraka, ingawa zilitulea. Jarida la Sani miaka ya themanini lilikuwa na Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge, wote wa kiume, kila mmoja na tabia yake, uvivu wake, ujanja wake. Mwanamke alikuwepo sana, lakini alikuwepo kwa umbo. Ukimtoa kwenye ukurasa, mhusika aliyebaki hupungukiwa na kitu cha kukodolea macho tu.

Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalianzia kwenye chumba cha habari. Mwaka 1987 waandishi wanawake waliunda chama chao, TAMWA, na jarida walilolianzisha wakaliita Sauti ya Siti. Unaona mzunguko ule? Walirudi kwa yule yule muuza vyungu wa Fumba. Sisi wanaume wa dawati tuliwaita kwa majina ya kejeli ambayo sitayarudia. Waliandika habari za kupigwa wake majumbani, kubakwa na mauaji ya vikongwe kule Usukumani, mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyaweka kona ya chini ukurasa wa 3 chini ya kichwa kama "Vituko vya mikoani".

Nikupe mfano mmoja ninaouonea aibu. Miaka ya tisini, kwenye gazeti nililofanyia kazi, mwandishi wetu wa mahakamani alileta habari ya mtu aliyemuua mkewe kwa panga. Nikaweka kichwa: "Mwanamke auawa kikatili, kisa wivu wa mapenzi." Nikajiona nimemaliza. Dada mmoja wa dawati la makala akapita, akasoma, akaniuliza: "Kaka, kauawa na nani? Na wivu?" Nikamwambia watu watasoma ndani. Akaniambia: "Watu hawasomi ndani, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo." Kichwa kilikuwa kimeshakwenda kiwandani. Lakini tangu siku ile sijaweza kuandika "kisa wivu wa mapenzi" bila kuisikia sauti yake. Litazame neno lenyewe: mtu katoa roho ya mwenzake, nasi tunampa sababu yenye neno mapenzi ndani yake. Mwizi wa kuku hatumwandikii "kisa hamu ya mchuzi".

Fomula hiyo bado iko hai, na ndugu yake ni hii: "Wanafunzi kadhaa wapata mimba." Wapata, kama wanavyopata malaria. Hakuna mbu wala mtu. Nilipokuwa nafundisha, niliwapa wanafunzi zoezi la kuiandika upya, na kila mara darasa lilikwama palepale: tukimweka mtenda mbele, nani? Hatumjui. Basi nenda kamtafute, ndiyo kazi ya mwandishi.

Kilichoanza kuirudisha kauli ya kutenda, cha ajabu, ni sheria. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo TAMWA na wenzao waliipigania kwa nguvu, na adhabu ya kubaka ikawa kifungo kisichopungua miaka 30. Mwaka 2016 sheria ya elimu ikarekebishwa, na kumpa mimba mwanafunzi nako kukawekewa miaka 30. Tangu hapo magazeti yetu yakapata kichwa kipya ambacho hata wanafunzi wako wanakijua kwa moyo: "Jela miaka 30 kwa kubaka." Angalia kilichotokea. Mwanaume ameingia kwenye sentensi, ana umri, ana kijiji, ana kazi, ana jina. Hakuna mhariri aliyeamka asubuhi akaongoka. Mahakama ndiyo iliyompa mwandishi mtu wa kumwandika. Kasoro yake ni kwamba mtenda huyu huonekana siku ya hukumu tu. Siku ya tukio bado binti "kabakwa", peke yake.

Sheria ikiwa nusu ya kisa, nusu nyingine ni majina. Hapa, mwalimu, ndipo penye utamu, na ningependa wanafunzi wako wakae zaidi.

Matangazo yalipofunguliwa kwa watu binafsi miaka ya tisini, ITV na Radio One zikaanza 1994, na magazeti ya udaku yakachipuka, mji ulipata misamiati mipya ya mapenzi na pesa. Mwanamke anayeuza mwili akaitwa changudoa. Mteja wake hakuitwa kitu. Binti mwenye mtu wa kumlipia alikuwa "anachuna buzi". Hapo mwanaume kapata jina, lakini ona ni jina gani: buzi, mnyama anayechunwa, mwathirika! Mzee wa miaka 50 mwenye gari na binti wa miaka 17, na anayeonewa huruma kwenye stori ni mzee. Sijui lugha nyingine iliyofanya mazingaombwe makubwa hivyo kwa neno fupi hivyo.

Redio ndiyo iliyogeuza meza. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mhusika wake mkubwa alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu aliyeanza kwa kuvumilia na kuishia kujitegemea. Ulifanyika hata utafiti wa kulinganisha: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo hadi mwaka 1995, ili waone tofauti ya mambo kama uzazi wa mpango kati ya waliosikia na wasiosikia. Mtaani kwetu tulikuwa na dereva tuliyembandika jina la Mkwaju, akachukia kweli, na hiyo ndiyo maana yangu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na neno la kumwitia mwanaume aina hiyo ambalo halikuwa sifa. Kabla ya hapo alikuwa "kidume".

Kisha mwaka 2008 ikaja kampeni ya redio ya Fataki. Mzee mtongozaji, sauti nyororo, ahadi za lifti na chipsi, na kila mara mtu wa pembeni anamshtukia: mhudumu wa baa, jirani, mama ntilie. Ndani ya muda mfupi fataki likawa neno la kawaida, watoto wa shule wakawa wanalipigia kelele mtaani. Mzee yule yule aliyekuwa buzi, gari lile lile, binti yule yule. Kilichobadilika ni nani kapewa kitenzi. Ukiniuliza ni badiliko gani moja la picha ya jinsia katika vyombo vyetu ninaloweza kuliapia, nitakutajia safari hiyo, kutoka buzi hadi fataki, iliyotuchukua kama miaka 15.

Jingine dogo: zamani tulikuwa na "nyumba ndogo", na nyumba ndogo ni mwanamke. Siku hizi kuna mchepuko, na mchepuko anaweza kuwa wa kiume au wa kike. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia usawa pale. Ni lugha ya barabarani tu, njia kuu na njia ya mkato.

Ila umetaja mwanaume, na haki yake tumpe. Picha yake nayo ni finyu. Tazama vichekesho vyetu vya runinga na vya simu: mwanaume anayeosha vyombo au kumwogesha mtoto amelishwa limbwata. Hakuna maelezo mengine yanayoruhusiwa. Anayepigwa na mkewe anakwenda ukurasa wa vituko, kule kule tulikokuwa tukiwaweka wake waliopigwa. Wavulana wako wanakua wakiona mlango mmoja tu wa kutokea: mtoa pesa. Akikosa pesa anaitwa marioo.

Jirani zetu Kenya wana kisa ambacho kinafaa mdahalo kuliko vyote. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuchukua sehemu ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Jengo lenyewe lilikuwa la kampuni ya gazeti la chama tawala, Kenya Times, kwa hiyo mpinzani wake alikuwa chombo cha habari, kwa maana ya matofali kabisa. Bungeni yeye na wenzake walikebehiwa kwamba ni kundi la wanawake walioachwa. Waone hapo kauli ya kutendwa inavyofanya kazi: ana shahada ya uzamivu, anatenda, na jibu wanalompa ni kitenzi alichotendwa. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ndoa yake haikuwa tena habari.

Takwimu? Wasichana watazihitaji. Mwaka 1995, mwaka ule wa mkutano wa wanawake wa Beijing ulioongozwa na Mtanzania, Gertrude Mongella, ulifanyika kwa mara ya kwanza ufuatiliaji wa kimataifa wa habari za siku moja katika nchi 71. Katika kila watu 100 waliotajwa au kuhojiwa, wanawake walikuwa 17. Zoezi hurudiwa kila baada ya miaka 5. Mwaka 2010 walikuwa 24, mwaka 2015 walikuwa 24, mwaka 2020 walikuwa 25. Nyongeza ya watu 8 katika miaka 25. Kwa hiyo wasichana wakisema "imebadilika", wapinzani wao wana namba ya kuwajibu, na ninashangaa wavulana wanahangaika na sketi wakati namba hii ipo.

Na hoja ya Ikulu? Ni kweli, tangu tarehe 19 Machi 2021 Rais ni mwanamke, na kila siku vichwa vya habari vina mwanamke anayeteua, anayetengua, anayezindua. Kwa kipimo changu cha kitenzi hilo ni jambo kubwa mno. Lakini magazeti yanamwita Mama, na sijui nilipokee vipi. Kwetu mama ni heshima, hata muuza nyanya ni mama, na marais waliotangulia tuliwaita mzee na baba pia. Wakati huo huo, mkurugenzi mwanaume ni mkurugenzi, na mkurugenzi mwanamke ni "mwanamama mkurugenzi". Rubani ni rubani, na mwenzake ni "mwanadada rubani". Lugha isiyo na haja ya kutaja jinsia inaitaja, kama anayesema "samaki wa maji". Mimi ningeyafuta hayo mawili bila kusita. Hilo la Mama ningeliacha.

Basi nisimame wapi, unauliza. Usisimame popote; wewe ni mwamuzi. Lakini Jumamosi hii nunua magazeti matatu, la chama, la binafsi na la udaku, uwagawie kwa makundi. Wapige mstari chini ya kila kitenzi chenye mwanamke au mwanaume, waandike pembeni T kwa anayetenda na W kwa anayetendwa. Wahesabu wenyewe kabla ya kugawana pande. Na habari za mauaji ya ndani ya ndoa zikiwemo, maana kwa bahati mbaya hazikosekani, watafute kama kuna kichwa kinachoanza na neno "Mume". Wakikipata, nipigie picha unitumie. Yule dada wa dawati la makala bado tunawasiliana, na nina deni naye.